Kutoka 80 Hadi 100

Kwenye maswali ya fizikia ya sekondari lipo kosa linalowanasa hata wanafunzi hodari. Basi linakwenda kilomita 80 kwa saa, dereva anaongeza hadi 100. Ni kazi kiasi gani imefanyika kuliongezea mwendo? Wengi hutoa 80 kwenye 100, wakatafuta mraba wa 20 iliyobaki, wakaendelea na hesabu. Jibu lao huwa dogo mara tisa kuliko inavyotakiwa.

Unapaswa kutafuta mraba wa kila mwendo kwanza, ndipo utoe. Tofauti hiyo izidishe kwa nusu ya tungamo. Tuseme basi lina tani 15, abiria na mizigo ikiwemo. Gawanya mwendo kwa 3.6 upate mita kwa sekunde: 80 inakuwa 22.2, 100 inakuwa 27.8. Miraba yake ni 494 na 772, tofauti 278. Zidisha kwa 7,500: karibu jouli milioni 2.1. Basi hilohilo likiondoka kituoni hadi kufikia 20, jouli 230,000 hivi zinatosha.

Kwa nini iwe hivyo, na nyongeza ni 20 ileile? Kazi ni kani mara umbali. Basi likisukumwa kwa kani ileile, litaongeza 20 kwa sekunde zilezile, liwe limeanzia 0 au 80. Ila katika sekunde hizo, linaloanzia 0 huwa na wastani wa 10, na linaloanzia 80 huwa na wastani wa 90. Hili la pili limesukumwa umbali mara tisa. Hapo ndipo penye siri yote, na mwanafunzi akipaelewa hahitaji kukariri kanuni. (Upinzani wa hewa nimeuacha kando, nao una gharama yake.)

Nguvu hii ya mraba ilionekana hata kwa macho: miaka ya 1720 Mholanzi Willem 's Gravesande aliangusha vitufe vya shaba kwenye udongo laini wa mfinyanzi. Kilichofika chini kwa mwendo maradufu kilizama kina cha mara nne.

Turudi kwenye basi: jouli zake hazipotei. Dereva akifunga breki, sharti zigeuke joto. Kwenye 100 basi lina nishati ya mwendo asilimia 56 zaidi ya kwenye 80, na kwa breki zilezile litaburuzika umbali uliozidi kwa kiasi hichohicho kabla ya kusimama. Tanzania na Kenya zimeweka kikomo cha 80 kwa mabasi ya abiria. Ukiona mshale umevuka hapo, mwambie dereva apunguze.