Memori kadi siyo stoo: linda picha za biashara yako

Leo tuongelee kitu kidogo kama kucha ya dole gumba lakini kimebeba biashara yako: memori kadi ya kamera.

Mimi napiga picha za bidhaa za wauzaji wa mtandaoni, wiki hii Mbeya, wiki ijayo Iringa. Swali ninaloulizwa sana siyo "kamera gani nzuri?" Ni hili: "Kaka, kadi imegoma kusoma, picha zangu zimeenda wapi?" Na anayeuliza mara nyingi mzigo wake umeshaondoka.

Chukua muuza vikapu wa Iringa. Kila kikapu kimesukwa kwa mkono, hakuna viwili vinavyofanana kabisa. Kikishapanda basi, hukipigi picha tena. Mteja akisema "kimefika kimechanika", picha uliyopiga kabla ya kufunga mzigo ndiyo shahidi wako. Picha ikipotea, unabaki na maneno matupu.

Kwa hiyo somo la leo ni moja: kadi ni ya kubebea picha, siyo ya kutunzia. Twende hatua kwa hatua.

1. KADI FEKI NDIYO ADUI NAMBA MOJA

Kadi ya GB 8 inachezewa ndani ili iidanganye kamera kwamba ni ya GB 128. Ukijaribu dukani kwa picha mbili tatu, inakubali vizuri tu. Shida inaanza ukivuka zile GB 8 za kweli. Majina ya picha yanaonekana, ukubwa unaonekana, ila ukifungua unakuta nusu picha, rangi ya kijivu, au haifunguki kabisa. Nyingine zinaandika picha mpya juu ya zile za mwanzo.

Ijaribu ikiwa mpya, kabla hujaiamini na kazi. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, na kwenye Linux ipo F3. Zinaijaza kadi yote kisha zinasoma kama kila kilichoandikwa kipo. Kadi kubwa huchukua muda mrefu, vumilia. Huna kompyuta? Rekodi video mpaka kadi ijae, halafu fungua za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zote zikicheza vizuri, dalili ni njema.

Ila kadi ya GB 64 ikionyesha kama GB 59 kwenye kompyuta, usigombane na mwenye duka. Hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu, hujaibiwa.

Dai risiti, na mkubaliane kuhusu kurudisha kabla hujatoa hela. Kwa mambo ya bidhaa bandia, chombo cha serikali kinachohusika ni Tume ya Ushindani, FCC. Na kama wewe mwenyewe unauza kadi mtandaoni, pima mzigo wako kwanza. Mteja aliyepoteza picha za harusi harudi tena.

2. SIYO KILA KADI INAYOGOMA NI MBOVU

Wengi tunatumia kamera za mtumba. Angalia maandishi kwenye kadi: SD ya kawaida inaishia GB 2, SDHC inaishia GB 32, na SDXC ni zaidi ya hapo mpaka TB 2. Kamera ya zamani inayojua SDHC tu itaikataa SDXC au itakuomba uifomati. Kama ndani kuna picha, usikubali! Ihamishie kwanza kwenye kifaa kingine kinachoisoma.

Halafu kuna kale kakufuli ka pembeni ya kadi. Kakishuka, kamera inasema kadi imefungwa. Kapandishe, maisha yaendelee.

3. KINACHOIUA KADI HALISI

Ndani ya kadi hakuna kinachozunguka. Picha zinahifadhiwa kama chaji ndogo za umeme kwenye vyumba vidogo mno, na kila chumba kina kikomo cha kufutwa na kuandikwa upya. Kwa picha za bidhaa tu, kadi nzuri inachukua muda mrefu kufika huko. Kinachoiwahi ni mazoea yetu:

- Kuichomoa wakati kataa ka kamera bado kanawaka. Subiri kazime, zima kamera, ndipo uchomoe.
- Kuendelea kupiga picha betri ikiwa inakata roho. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, orodha ya mafaili inaweza kuvurugika.
- Kuichomeka kwenye kompyuta ya stesheneri bila kinga. Shusha kale kakufuli kwanza, mara nyingi kanazuia virusi kuandika kitu kwenye kadi yako.
- Kuiweka mfukoni pamoja na sarafu na vumbi. Iweke kwenye kikasha chake, na ile sehemu ya shaba ifute kwa kitambaa kikavu.

Na baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua. Ukitoka nje asubuhi ukaingia chumba chenye jiko la mkaa, kamera inatoa jasho. Iache kwenye begi lililofungwa mpaka ipate joto la chumba, ndipo ufungue na kutoa kadi.

4. NAKALA MBILI, SIKU ILEILE

Picha haijawa salama mpaka iwe sehemu mbili nje ya kadi. Mimi nahamishia kwenye simu kwa kisomea kadi, kisha napandisha mtandaoni. Akaunti ya Google inakupa GB 15 za bure. Bando ni dogo? Chagua zile za mzigo unaosafiri tu. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana ukituma kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora.

Hakikisha nakala zinafunguka, ndipo ufomati kadi, tena ndani ya kamera yenyewe. Na badala ya kadi moja ya GB 64, bora mbili za GB 32. Moja ikifa, hujapoteza vyote.

5. IKISHAGOMA, FANYA HIVI

Acha kupiga picha papo hapo. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Picha ikifutwa, kwa kawaida kinachoondoka ni jina lake kwenye orodha, kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo huku kitabu kikiwa bado kizima. Picha yenyewe inakaa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kila picha mpya unayopiga inaweza kufunika ya zamani.

Jaribu kisomea kingine kwanza, maana mara nyingine mbovu ni adapta, siyo kadi. Kompyuta ikiiona kadi lakini picha hazipo, tumia PhotoRec. Ni ya bure, na unahifadhi unachookoa kwenye kompyuta, siyo kwenye kadi ileile. Kama kadi haionekani kabisa popote, programu haitasaidia, hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Muulize atafanya nini kabla hujamlipa, na akisema "tuifomati kwanza", chukua kadi yako uondoke.

Kadi iliyogoma mara moja bila sababu inayoeleweka, usiipe tena kazi ya mteja. Bei ya kadi mpya ni ndogo kuliko mzigo mmoja uliokosa ushahidi.

Wewe picha zako za wiki hii ziko wapi sasa hivi? Kama jibu ni "kwenye kadi", zihamishe leo kabla hujalala. Mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni, na swali lako liache hapo chini, nitalijibu.