Siku Moja Katika Mlima Kenya

Ukiingia mbuga kwa lango la Naro Moru asubuhi nawe wataka kurudi jioni, usikimbie. Kiongozi wetu alitukataza kabisa: juu hewa ni nyepesi, na kichwa kikianza kugonga, dawa ni kuteremka tu.

Ukipita Met Station, mita 3,050, wakungoja msitu, halafu kinamasi kimeza-viatu (soksi zangu zingali nyeusi!). Ng'ambo yake ni Bonde la Teleki, pana kama karai. Barafu ndiyo iliyolichonga, ikiburura mawe mithili ya msasa.

Mwishoni mwa karne ya 19 barafu hizo zilikuwa 18. Ile ya Gregory imekwisha; ya Lewis imebaki vipande. Kiongozi alinyoosha fimbo kutuonyesha ilipofika ujanani mwake. Sasa ni mwamba mtupu.