Samaki Wanaopapasa kwa Umeme Juba

Mtu akitaka kuzamia na mtungi wa hewa katika ukanda wetu, ataelekezwa Mafia kwa papa potwe, au Pemba kwa kasa na matumbawe. Juba hatatajiwa. Mto Nile unaopita mjini humo, uitwao Bahr el Jebel, umejaa udongo, na mvua zikikolea barakoa na tochi havimfai mtu kitu. Wengi huamini kwamba maji yasiyoonyesha kitu hayana kitu. Mimi nadai kinyume chake: giza hilo limesaidia kukuza hisi ambayo mzamiaji wa matumbawe hawezi kukutana nayo kwa urahisi.

Mwaka 1951, Hans Lissmann wa Chuo Kikuu cha Cambridge alieleza katika jarida la Nature kwamba samaki mmoja mrefu wa Nile, Gymnarchus niloticus, hutoa umeme hafifu mkiani bila kukoma, takriban mipigo 300 kwa sekunde. Umeme huo humzunguka mwili mzima, na ngozi yake huhisi kila unapopindishwa na jiwe au na samaki mwingine. Ndiyo maana huogelea akiwa amenyooka, akijisukuma kwa pezi refu la mgongoni, mbele au kinyumenyume. Baadaye Lissmann na mwenzake Machin walimwekea vyungu viwili vinavyopenyeza maji, vinavyofanana kabisa kwa nje. Kimoja kilikuwa na maji matupu, kingine kijiti cha kioo ndani yake. Samaki alijifunza kuvitofautisha. Domodomo nao, jamaa zake wa karibu, wana kipaji hicho, na kina gharama: kwa domodomo mmoja wa Afrika ya Kati aliyepimwa, ubongo peke yake ulitumia karibu asilimia 60 ya oksijeni ya mwili.

Mtu anaweza kupinga kwamba giza halithibitishi lolote, kwani kambare wa kawaida huishi kwenye tope hilohilo kwa kutegemea sharubu. Ni kweli, tope halimlazimishi samaki kuwa na umeme. Lakini huko Amerika ya Kusini kuna samaki wa ukoo mwingine kabisa waliofikia mbinu hiyohiyo peke yao, nao pia ni wa maji baridi, wengi wakitembea usiku. Baharini chumvi hupitisha umeme kwa wepesi mno, ishara hafifu namna hiyo haifiki mbali. Pingamizi la mamba na viboko nalikubali lote: asizamie mtu. Waya mbili majini, kikuza sauti na spika vinatosha kumsikiliza samaki huyu kutoka kwenye mtumbwi.

Gymnarchus hujenga kiota cha majani yanayoelea vinamasini, na mto ukiteremka kutoka Juba, kuanzia Bor, ndiko liliko eneo la vinamasi la Sudd, lililoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 2006. Mfereji wa Jonglei, uliokusudiwa kuyakwepesha maji ya Nile yasipitie humo, ulisimama mwaka 1984 kwa sababu ya vita, wala hoja ya kuufufua haijafa. Wanaoitetea wana haki ya kuzungumzia mafuriko. Lakini kabla mashine ya kuuchimba haijawashwa tena, wapelekwe kwanza wanabiolojia, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Juba, na waya zao, wahesabu viota hivyo.