Maandishi ya Nukta Nundu: Kazi ya Kijana Kipofu na Manufaa Yake kwa Kiswahili

Maandishi yasomwayo kwa ncha za vidole yana majina mawili katika Kiswahili cha leo. Tanzania huitwa nukta nundu. Kenya aghalabu huitwa breli. Jina la kwanza laeleza umbo. Nukta ni neno la kale la waandishi, ambao katika hati za Kiarabu waliitenga ba na ta na tha kwa nukta tu. Na nundu ni kitu kilichoinuka, kama nundu ya ng'ombe. Jina la pili halielezi umbo. Lahifadhi jina la mtu, yaani Louis Braille, Mfaransa aliyekuwa na umri wa miaka 15 alipoutunga mpango huu mwaka 1824, naye alikuwa kipofu tangu utotoni.

Vijana wenye ulemavu hutajwa mara nyingi kwa huruma, na hata wanaposifiwa, aghalabu sifa huwa ni ya uvumilivu wao. Kazi ya kijana huyu yastahili sifa ya namna nyingine. Yafaa ipimwe kama wataalamu wapimavyo kazi yoyote ya lugha: tatizo lilikuwa nini, lilitatuliwa kwa hoja gani, na Kiswahili, lugha ambayo mtungaji hakuijua, kimepata nini kwayo.

Hali ya kabla

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris. Baba yake alikuwa fundi wa hatamu na matandiko ya farasi. Alipokuwa na miaka 3 mtoto alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha kali cha kutobolea ngozi. Ugonjwa ukaenea hata jicho la pili, na alipofika miaka 5 hakuona kabisa. Mwaka 1819, akiwa na miaka 10, alipelekwa katika shule ya vijana vipofu ya Paris, ambayo Valentin Haüy aliianzisha mwaka 1785 na ambayo ni miongoni mwa shule za kwanza za namna hiyo duniani.

Haüy alichapisha vitabu kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Kwa kufanya hivyo alithibitisha kwamba kipofu aweza kusoma, na jambo hilo lilikuwa kubwa kwa wakati wake. Lakini herufi hizo zilikuwa zimetungwa kwa ajili ya jicho. Jicho hutambua umbo zima kwa mara moja; kidole hulazimika kuufuata mstari wa herufi mpaka mwisho ndipo kijue kimegusa nini. Vitabu vilikuwa vikubwa, vizito na vichache, na kusoma kulikwenda polepole. Zaidi ya hayo, mwanafunzi hakuwa na njia nyepesi ya kuandika kwa herufi hizo. Aliweza kupokea maneno ya wengine, lakini ya kwake hakuweza kuyaweka.

Mwaka 1821 Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa mizinga, alileta shuleni mpango wa nukta. Aliipanga sauti za Kifaransa katika jedwali la safu 6, kila safu yenye sauti 6, jumla sauti 36. Kila sauti iliandikwa kwa mistari miwili ya nukta iliyosimama: idadi ya nukta za mstari wa kwanza ilionyesha safu, na idadi ya nukta za mstari wa pili ilionyesha nafasi ya sauti katika safu hiyo. Kwa hiyo ishara moja iliweza kufika nukta 12. Wanafunzi walifurahi, maana nukta ilitambulika kwa kidole upesi kuliko mstari. Lakini mpango huo haukuwa na tahajia, wala alama za kituo, wala tarakimu.

Maamuzi mawili

Kwa muda wa miaka kama mitatu, usiku na wakati wa likizo, Braille aliushughulikia mpango wa Barbier. Alifanya maamuzi mawili, na yote mawili yalitokana na ujuzi ambao mtu aonaye hakuwa nao.

Uamuzi wa kwanza ulihusu kipimo. Ishara ya nukta 12 ilikuwa ndefu kuliko ncha ya kidole, hata msomaji akalazimika kupandisha na kushusha kidole kwa kila sauti. Braille aliipunguza mpaka nukta 6, yaani mistari miwili yenye nukta tatu tatu. Kisanduku cha nukta 6 huenea chini ya ncha ya kidole, kikatambulika kwa mguso mmoja, na mkono ukaendelea mbele bila kusita. Mipangilio yake ni 63, ukiacha nafasi tupu, nayo yatosha herufi, alama za kituo, tarakimu na hata muziki, ambao Braille mwenyewe aliujua vema, kwani alipiga kinanda katika makanisa ya Paris.

Uamuzi wa pili ulihusu lugha. Barbier aliandika sauti. Braille aliandika herufi. Aliyependa wepesi angeweza kusema kwamba sauti zamtosha kipofu, kwa kuwa atumia sikio. Lakini tahajia ya Kifaransa iko mbali na matamshi yake, na kijana aandikaye sauti tupu angebaki nje ya maandishi ya nchi yake. Kwa kuchagua herufi, Braille aliwapa vipofu tahajia ile ile, sarufi ile ile na vitabu vile vile walivyokuwa navyo watu wengine. Hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya kazi yake kwa mwanaisimu.

Mpango wenyewe una utaratibu wa kupendeza. Nukta za kushoto huhesabiwa 1, 2, 3 kutoka juu kwenda chini, na za kulia 4, 5, 6. Herufi kumi za kwanza, tangu a mpaka j, zatumia nukta nne za juu tu. Kumi zifuatazo, tangu k mpaka t, ni zile zile zikiongezewa nukta ya 3: a ni nukta 1, na k ni nukta 1 na 3, b ni 1 na 2, na l ni 1, 2 na 3. Kundi la tatu, linaloanza na u, laongeza nukta ya 3 na ya 6. Herufi kumi za kwanza zikitanguliwa na ishara ya hesabu huwa tarakimu. Basi ajuaye ishara kumi amekwisha kushika sehemu kubwa ya mpango wote.

Upinzani

Mwaka 1829 Braille alitoa kitabu cha kuueleza mpango wake, na mwaka 1837 akatoa chapa ya pili iliyosahihishwa, ambamo vistari vilivyokuwa vikichanganywa na nukta viliachwa. Wanafunzi waliupokea mara moja. Walimu wengi hawakuupokea. Hoja yao ilikuwa kwamba maandishi yasiyosomeka kwa macho yatawatenga vipofu na jamii. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, lakini ilipima maandishi kwa faida ya asiyeyahitaji. Mkurugenzi aliyeshika shule mwaka 1840 aliuweka mpango huo kando; wanafunzi wakaendelea kuandikiana kwa siri. Mwaka 1844, katika sherehe ya kufungua jengo jipya la shule, mpango ulionyeshwa hadharani na kutetewa.

Braille alifariki tarehe 6 Januari 1852, na ilikuwa mwaka 1854 ndipo maandishi yake yalipokubaliwa rasmi katika shule aliyosoma na kufundisha. Mwaka 1878 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris uliyapendekeza yatumiwe kwingineko, na katika miaka ya 1949 hadi 1953 UNESCO ilishughulika kuzipatanisha alfabeti za nukta za lugha mbalimbali, za Asia na Afrika zikiwamo. Jambo moja la kuangaliwa ni kwamba hata Kiarabu, kiandikwacho kutoka kulia, kwa nukta husomwa kutoka kushoto.

Mpango huu katika Kiswahili

Kiswahili kimekwisha kuandikwa kwa hati za Kiarabu na kwa herufi za Kirumi. Nukta nundu ni hati yake ya tatu. Mafundisho yake Afrika ya Mashariki yalipata makao ya kudumu katika shule kama ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na ya Buigiri karibu na Dodoma, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950.

Mpango wa Braille waafikiana na Kiswahili kwa namna ambayo haukuafikiana na Kifaransa. Tahajia ya Kiswahili i karibu sana na matamshi, kwa hiyo ule ugomvi wa sauti na herufi haupo kabisa, au upo kidogo sana. Mtoto akishajua ishara na silabi, asoma. Herufi q na x hazihitajiki, na c haiji ila pamoja na h.

Lakini herufi moja yataka maelezo. Alfabeti ya Kifaransa ya wakati wa Braille haikuihesabu w, kwa hiyo haimo katika utaratibu wake wa makundi. Iliongezwa baadaye kwa ajili ya lugha ziitumiazo, hasa Kiingereza, ikapewa umbo la j na nukta ya 6. Hivyo mwanafunzi wa Kiswahili akuta kwamba herufi iliyo nje ya utaratibu ndiyo abebayo nayo kazi nyingi za sarufi. Wingi wa watu huanza kwa wa-. Viunganishi wa na kwa hujaa kila ukurasa. Na kauli ya kutendwa yaonekana kwa herufi hiyo. Kati ya amepiga na amepigwa ni kisanduku kimoja tu, na kidole kikikiruka, aliyepigwa amekuwa mpigaji.

Jambo la pili ni ufupisho. Maandishi ya nukta huchukua nafasi kubwa. Neno ng'ombe, likiandikwa herufi kwa herufi pamoja na kibainishi chake, lahitaji visanduku 7, na hawakutusaidia visanduku 14. Lugha za Ulaya zilitafuta dawa kwa kuwekea maneno na mafungu ya herufi ishara fupi. Kiingereza kina ishara moja kwa th, moja kwa sh, moja kwa ch, na vilevile kwa ar na er. Tatu za kwanza zingeweza kukifaa Kiswahili, kwa kuwa kila moja ni sauti moja, kama katika thelathini, shamba na chakula. Hata hivyo ingebidi kujihadhari na jina kama Is-haka, ambamo s na h zina silabi mbalimbali. Ama ar na er, hizo zaenda kinyume cha lugha. Katika habari na barua, a ni mwisho wa silabi moja na r ni mwanzo wa silabi ifuatayo. Ishara iziunganishayo humtia msomaji katika mpaka usiokuwapo. Ufupisho wowote wa Kiswahili hauna budi kufuata silabi na viambishi vya Kiswahili chenyewe, kama na-, li-, ta- na ku-, wala si desturi ya lugha nyingine. Hiyo ni kazi ya wanasarufi pamoja na wasomaji wa nukta wenyewe, maana hukumu ya mwisho ni ya kidole.

Neno kipofu na upatanisho wake

Yafaa pia kulitazama neno lenyewe. Kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yote yana kiambishi ki-, na wako waliosema kwamba lugha imewatia watu hawa katika ngeli ya vitu. Hoja hii yahitaji tahadhari. Kiongozi, kinyozi na kijana nayo yana ki-, wala hakuna aonaye kwamba kiongozi ametwezwa. Linaloamua ni upatanisho. Kiswahili sanifu husema kipofu huyu amesoma na vipofu hawa wamesoma, kwa kufuata utu wao. Asemaye kipofu kile kimesoma ndiye amtwezaye. Pamoja na hayo, matumizi rasmi yameelekea kumtaja mtu kwanza na hali yake baadaye: sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 ni ya watu wenye ulemavu, na wengi husema asiyeona badala ya kipofu. Mabadiliko hayo yameletwa kwa sehemu kubwa na wahusika wenyewe, nao wana haki ya kusikilizwa katika jina lao kama walivyosikilizwa hatimaye katika maandishi yao.

Deni lililobaki

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7 kihusucho lugha, yaiagiza Serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya na breli pamoja na lugha za wenyeji. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya na Tanzania zimejiunga nao, waruhusu kitabu kugeuzwa kuwa nukta na kuvushwa mpaka bila kizuizi cha haki ya kunakili. Kwa sheria, basi, kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa kwa nukta Nairobi chaweza kusomwa Dodoma.

Sheria imefungua njia, lakini vitabu haviji kwa sheria peke yake. Kamusi, sarufi na diwani za mashairi zitolewazo na vyuo zafaa zihesabiwe kuwa hazijakamilika mpaka ziwe na chapa ya nukta. Kijana wa miaka 15 aliwatengenezea wenzake njia ya kusoma na kuandika, nao waliikubali kabla ya wakubwa wao. Heshima impasayo ni kuwapa vijana wa leo kitu cha kusoma kwa njia hiyo, na kuyapokea wayaandikayo wao kwa kipimo kile kile kinachotumiwa kwa waandishi wengine.