Je, Wajua? Picha za Kale na Kuta za Zamani, Kutoka Irente Hadi Tanga

Mgeni akifika Irente, ukingoni mwa Usambara Magharibi, hutoa simu na kupiga picha: Mazinde iko chini kabisa, na nyika imetanda mpaka macho yachoke. Lakini je, wajua picha za kwanza za milima hii ziko wapi?

Lushoto, mji wa jirani na Irente, ulikuwa na jina jingine. Enzi za Wajerumani mji huu uliitwa Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaizari Wilhelm wa Pili. Kituo cha Mlalo, kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1891, kiliitwa Hohenfriedeberg. Ukizitafuta picha za wakati huo mtandaoni, andika majina hayo. Ukiandika Lushoto peke yake, nyingi zitakupita.

Picha ziko Ujerumani, lakini unaweza kuziona bure. Mpiga picha Walther Dobbertin alizunguka nchi hii na kamera yake, na picha zake nyingi zimewekewa tarehe kati ya 1906 na 1918. Zinatunzwa na Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Ujerumani. Desemba 2008 hifadhi hiyo ilitoa picha zaidi ya 80,000 kwa Wikimedia Commons, na za Dobbertin zimo. Leo mwanafunzi wa Soni mwenye simu anazifungua bila kulipa ada yoyote.

Kupiga picha kulihitaji wapagazi. Wapiga picha wengi wa siku zile walitumia vioo vilivyopakwa dawa, vizito na vyepesi kuvunjika. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikachukua zaidi ya miaka kumi kufika Mombo. Kutoka hapo ilibaki kupanda mlima. Hata baada ya kusafishwa, picha haikuwa salama: dawa ile ilishikizwa na jelatini, ambayo hutengenezwa kwa mifupa na ngozi za wanyama, na palipo na unyevu kuvu huila.

Vuga ya Kimweri haikupigwa picha alipofika Krapf. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alikwenda Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, mwaka 1848, bila kamera. Vuga ya siku hizo tunaijua kwa maandishi yake, kwa simulizi za wazee wa Kisambaa, na kwa kitabu cha Abdallah bin Hemedi, Habari za Wakilindi.

Boma la kale la Tanga limegeuka makumbusho. Jengo hilo la utawala wa Kijerumani lilikarabatiwa, na sasa ni makumbusho ya Urithi. Humo kuna picha za zamani na vifaa vya kale, kwa hiyo anayeshuka kutoka Lushoto hana haja ya kwenda Ulaya kuuona mkoa wake wa jana.

Saruji inaweza kuua nyumba ya kale. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hunaswa ndani, chokaa hulegea na lipu hubanduka. Ndiyo maana mafundi wa ukarabati huirudia chokaa.

Matumizi nayo ni ulinzi wa nyumba za kale. Shamba la Irente, la tangu enzi za ukoloni, sasa liko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Watu huja kununua jibini, mkate na jamu. Nyumba yenye watu, paa likivuja leo linazibwa kesho. Nyumba tupu husubiri kuanguka.

Kinachokosekana katika picha za kale ni majina. Katika picha nyingi za kikoloni Mzungu ametajwa, Mwafrika aliye kando yake ameitwa tu askari, mpagazi au mwanamke wa Usambara. Majina hayo huenda hayako Ujerumani. Kama yapo, wanayo wazee wetu.

Basi kama kwenu kuna picha ya babu au bibi, muulize mzee anayewajua waliomo. Andika nyuma yake kwa penseli laini: nani, wapi, mwaka gani. Usitumie gundi wala selotepu. Kisha ipige nakala, na nakala hiyo ikae nyumba nyingine.