Mbwa wa Ulinzi Akianza Kuchechemea

Majumba ya ufuoni Shanzu, pwani ya Kenya, hayalindwi na askari peke yao. Usiku hufunguliwa mbwa, wengi wenye damu ya German Shepherd, na mchana hurudishwa kwenye banda la saruji. Wafuasi wa Imamu Shafi, walio wengi pwani hii, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, ila kumfuga kwa ulinzi wameruhusu. Na anayemfuga amebeba dhamana ya kumtibu. Miaka ikienda, mbwa huamka na miguu migumu, akasita kupanda ngazi. Mwenyewe husema: uzee tu huo.

Si uzee tu. Gegedu linalozuia mifupa isisagane limelika, na kiungo kinauma.

Tiba mpya zipo. Daktari humtoa mbwa damu, akaizungusha kwenye mashine mpaka chembe sahani zijikusanye, kisha akamdunga nazo kiungoni. Wengine hutumia seli shina kutoka mafuta ya mbwa huyohuyo. Kinachotarajiwa hapo ni kupungua kwa uvimbe na maumivu. Anayekuahidi gegedu jipya anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tiba ya leza nayo ilianzia mbali. Mwaka 1967, Endre Mester wa Hungaria alimulika panya walionyolewa, akaona manyoya yanaota upesi. Leo mwanga mwekundu na ule usioonekana kwa macho huelekezwa kwenye nyonga na magoti ya mbwa ili kupunguza maumivu. Haumi, lakini manyoya meusi hufyonza mwanga na ngozi ikapata joto, kwa hiyo mgongo mweusi wa German Shepherd unataka mkono wa mjuzi. Na mtibiwa lazima arudi tena na tena; gharama huanzia hapo.

Mimi ningeanza na sufuria. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 ulifuatilia Labrador 48, wawili wawili wa uzazi mmoja. Waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao, na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Mbwa wetu hulishwa mabaki ya jikoni, wakanenepa wakiwa kwenye mnyororo. Na bahari iko mlangoni: kutembezwa polepole ndani ya maji matulivu kunakaza misuli bila kuvielemea viungo.

Usimpe ibuprofeni ya nyumbani, humtoboa tumbo na kumharibu figo. Mpime uzito, kisha mpeleke kwa daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya kabla hujalipia leza.