Dawa Iliyodandia Siku ya Chanjo

Malaria ya mtoto wa miezi saba usiipime kwa kumgusa paji la uso tu. Mfungue kiganja, kisha mvute kope ya chini kidogo: panapotakiwa kuwa pekundu, pameupe. Vimelea huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, na mwili mdogo hauwahi kuzifidia. Kinga aliyotoka nayo tumboni ikishapungua, mbu wa Bonde la Kilombero nchini Tanzania, penye mafuriko na mpunga, hawamsubiri akue.

Kuongezewa damu huokoa, ila hudai hospitali iwe karibu na damu salama iwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ifakara, mji wa bonde hilo, wakajaribu kuliwahi tatizo, kwenye kliniki ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Watoto 701 waligawanywa: wengine walipewa SP, dawa ileile wanayomeza wajawazito kujikinga na malaria, wengine kidonge kisicho na dawa. Dozi zilitolewa siku ya chanjo, katika miezi 2, 3 na 9, mtoto awe na homa au asiwe nayo. Matokeo yalichapishwa 2001: katika mwaka wa kwanza wa maisha malaria ilipungua kwa asilimia 59, na upungufu mkubwa wa damu kwa nusu.

Binafsi naisifu siku kuliko dawa. SP ilikuwa ya zamani, tena ya bei nafuu. Jipya ni kutomwongezea mama safari. Msimu wa kilimo familia nyingi za bondeni huhamia vibanda vya shambani. Umwite mama arudi mjini kwa kidonge tu, mpunga amwachie nani? Kwa chanjo huja, kadi mkononi.

Shirika la Afya Duniani liliupendekeza utaratibu huo 2010, kwa maeneo ambako SP bado ina nguvu. Afrika Mashariki vimelea vilikwisha kuizoea. Sierra Leone ikatangulia kuutumia nchi nzima, si Tanzania ulikojaribiwa. Lakini Tanzania njia ya kliniki haikufa. Chandarua chenye dawa hutolewa mjamzito anapohudhuria mara ya kwanza, na kingine mtoto anapochanjwa surua.

Udhaifu wa njia hiyo uko papo hapo. Masika barabara zikikatika, mtoto aliyekosa chanjo amekosa na chandarua, mbu nao ndio kwanza wamezidi.